Nukuu zinaonewa bure, wa kulaumiwa ni kolabo

Siku hizi ukitaka uonekane msomi mwenye busara, we iponde tu h-indeksi, namba inayompima mtafiti kwa nukuu, yaani mara ngapi pepa zake zimetajwa kwenye kazi za wengine. Eti elimu haipimwi kwa namba, eti watafiti wamegeuka watu wa kusaka nukuu, alafu utatajiwa tamko la DORA la San Francisco la 2012, la namna ya kuwapima watafiti, kama vile lilipiga marufuku kuhesabu, wakati lile lililenga zaidi tabia ya kumpima mtu kwa jina la jarida alilochapisha badala ya kazi yenyewe. Mi nadhani hii kesi imesikilizwa upande mmoja.

Kipimo chenyewe ni kahesabu kadogo alikokatoa mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Chukua mtu mwenye pepa tano, zimenukuliwa mara 90, 12, 6, 4 na 1. Zipo nne ambazo kila moja imefikisha nukuu 4 au zaidi, ya tano haifiki 5, basi h yake ni 4. Ile ya 90 hata ingenukuliwa mara 9,000 angebaki na 4 ile ile, na hapo ndo wanapomleta Peter Higgs, mwanafizikia aliyetabiri chembe inayoitwa kwa jina lake, ambaye baada ya kazi yake ya 1964 aliandika pepa chache sana, akapata Nobel 2013, na mwenyewe akasema kwa mfumo wa sasa hakuna chuo kingemwajiri. Sibishi. Na sibishi pia kwamba namba inachakachulika: 2010 Cyril Labbé, Mfaransa, alitengeneza mtafiti hewa akamwita Ike Antkare, akamwandikia pepa feki kama mia hivi zinazonukuuana zenyewe kwa zenyewe, na Google Scholar ikampa h ya 94.

Sasa ukiitoa namba unabaki na nini? Unabaki na kamati. Na barua za mapendekezo, ambazo zinaandikwa na nani kama sio profesa anayejuana na mwenyekiti wa hiyo kamati? Yule aliyesoma chuo kisicho na jina, hana wa kumshika mkono, hajawahi kukaa meza moja na mhariri yeyote, kitu pekee anachoweza kuonyesha ni kwamba watu asiowajua, hata wa mabara mengine, wamesoma kazi yake wakaitumia. Mnamnyang'anya hicho nacho? Wanaosema "tusome kazi zenyewe" wanasema vizuri sana, ila kamati ikirundikiwa maombi haisomi, inaangalia jina la chuo, na jina la chuo nalo ni kipimo, tena kibovu zaidi maana sifa yake wamejenga wengine.

Mfano mkubwa wa wanaoponda nukuu ni pepa ya Oliver Lowry na wenzake ya 1951, ya namna ya kupima protini. Imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, na jarida la Nature lilipopanga orodha ya pepa zilizonukuliwa zaidi 2014 ndo ilishika namba moja. Wanacheka: ona, kanjia ka maabara kamewapita Watson na Crick wa umbo la DNA, kamempita Einstein! Na Lowry mwenyewe alikiri kwamba sio pepa kubwa kihivyo. Lakini ngoja kwanza, hizo laki tatu ni nini? Ni mtu yuko maabara, ana sampuli, hawezi kwenda mbele mpaka ajue ina protini kiasi gani, anafuata maelekezo ya Lowry, anatia shaba, anatia kitendanishi cha Folin, rangi inakuwa bluu, anasoma kipimo, anaendelea na lake, leo ugonjwa, kesho mmea. Mara laki tatu! Kama huo sio mchango basi sijui mchango ni nini. Nukuu haisemi we ni Einstein, inasema kazi yako ilitumika, na wanaoichukia wanaidai ahadi ambayo haikuitoa. (Ndio, kuna kunukuliwa kwa ubaya, ile ya Andrew Wakefield ya 1998 kuhusu chanjo na usonji ilinukuliwa sana na wanaoikosoa, jarida la Lancet lililoichapisha likaifuta 2010. Hilo unalijua ukizifungua nukuu zenyewe dakika mbili.)

Kinachonikera mi ni kolabo, yaani pepa moja yenye lundo la waandishi, na hapa naungana na wapinzani kabisa. 2015 timu za ATLAS na CMS za CERN, maabara kubwa ya fizikia Ulaya, zilitoa pepa ya uzito wa chembe hiyo hiyo ya Higgs, waandishi 5,154. Kurasa 33, tisa za sayansi, 24 majina na taasisi zao. Sawa, mashine yao ya kugonganisha chembe haiendeshwi na watu wawili. Ila ikinukuliwa mara moja, watu 5,154 wote wanahesabiwa moja nzima, sio kipande, alafu mwanahisabati anayeandika peke yake analinganishwa nao kwa h ile ile. Nukuu ilikuwa moja tu jamani, sisi ndo tumeizidisha.

Kuna wanaotaka igawanywe, pepa ya watu wanne kila mtu robo. Hapo napo pana mtego, watu wataanza kukatana majina ili robo iwe theluthi, na mwanafunzi ndo wa kwanza kukatwa. Afadhali ielezwe nani kafanya nini. Mfumo wa CRediT upo, una majukumu 14, nani alitoa wazo, nani alikusanya data, nani aliandika, na majarida mengi yanautumia tayari. Taarifa hiyo iwekwe pale pale pembeni ya h ya mtu, maana sasa hivi inakaa mwisho wa pepa jirani na shukrani, na hakuna kamati inayofika huko.