Mgonjwa wa asubuhi, mzima wa jioni

Kwenye shughuli ya Jumamosi wifi yangu kasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wapishi: "Huyu wetu anaumwa asubuhi tu. Jioni kwenye ngoma mzima!" Wakacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje na nguo nimeshonewa sare?

Kuhusu saa hakukosea. Baridi yabisi ndivyo ilivyo. Alfajiri vidole vimekakamaa, kufunga vifungo vya blauzi ni kazi, na kopo la dawa ya mikono lina mfuniko unaotaka mikono mizima (aliyeubuni Mungu anamwona). Saa nzima hupita, pengine zaidi, ndipo viungo vilegee. Anayenikuta saa kumi jioni nacheka na watu anapiga hesabu zake: kumbe asubuhi alikuwa anaigiza.

Hapo ndipo moyo unapovunjika. Maumivu nimeyazoea kidogo, ila kuonekana mvivu ndani ya nyumba yangu sijakuzoea. Ukiambiwa unadeka, unaanza kujificha. Unasonga ugali huku umeuma meno, mama mkwe asije akapata la kusema. Kikoba unaacha kwenda, kwa sababu kueleza kunachosha kuliko kuumwa. Na uchovu wenyewe si wa kulala ukaamka umepona. Mwisho hata simu ya mwanao hupokei, unaiangalia tu inaita.

Usiniambie nimepungukiwa imani. Nasali, na sala inanisaidia. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti 72 za wenye ugonjwa huu, wakakuta karibu mmoja kati ya sita ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Kinga ya mwili inayoshambulia viungo humwaga kemikali za uvimbe, na kemikali hizo athari zake hufika hadi kwenye ubongo. Kwa hiyo machozi yangu na vidole vyangu huenda vinakula sahani moja.

Wanaosema ni ugonjwa wa wazee: wengi wetu ni wanawake, na unaweza kukuanza una miaka thelathini. Wa tangawizi na mafuta ya kuchua, asanteni, kabati limejaa. Wa mazoezi mna haki, nakiri kwa shingo upande. Christiaan Barnard, yule daktari wa Cape Town aliyepandikiza moyo wa binadamu mwaka 1967, ugonjwa huuhuu ulimtoa kwenye chumba cha upasuaji mwaka 1983. Sijasikia kwamba shemeji zake walimwambia anadeka.

Ila hasira yangu kubwa ni kliniki. Nabonyezwa kiungo kimoja kimoja, natolewa damu, naulizwa kama dawa yangu ya methotreksati nameza mara moja kwa wiki kama nilivyoelekezwa. Vizuri. Ila kama nalala, kama nalia, kama bado natamani kuamka, hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Najua madaktari wa viungo ni wachache mno na wagonjwa ni wengi, simlaumu mtu mmoja. Lakini yale maswali tisa ya kupima sonona yapo, na kwa Kiswahili yapo. Hayahitaji mashine wala umeme. Yanahitaji karatasi, kalamu, na mtu wa kuyasoma majibu. Muda wa kuyajaza msijali, foleni yenu inatosha kuyajaza na kuyarudia.