Mwalimu wa Elimu Maalumu Apangwe Kwa Fani Aliyosomea

Mwaka wangu wa tatu kazini, nikiwa na cheti cha ualimu cha Daraja la III A na bila mafunzo mengine yoyote, nilikabidhiwa kitengo cha wanafunzi wasioona katika shule moja ya msingi mkoani Kilimanjaro, kwa sababu mwalimu aliyekuwepo alikuwa amestaafu na mimi nilikuwa na vipindi vichache kuliko wenzangu. Nilipewa ufunguo wa darasa, vibao vya kuandikia nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, na karatasi ya alfabeti yake iliyobandikwa ukutani. Wiki ya pili nilimpa imla mwanafunzi mmoja, aandike neno "jiwe". Nilikuwa nimesikia kwamba kwenye kibao mkono huanzia kulia kwenda kushoto, kwa hiyo alipomaliza nikaufuata mstari wake kuanzia kulia, nikilinganisha kila herufi na ile karatasi ya ukutani, nikasoma "heri". Nikamwambia amekosea, arudie. Akarudia, nikasoma "heri" tena. Mara ya tatu aliichomoa karatasi kwenye kibao, akaninyooshea, akasema kwa upole: "Mwalimu, geuza."

Kalamu ya kibao hubonyeza karatasi kutoka nyuma, na nundu hutokeza upande wa pili ambako kidole husoma. Upande anaoandikia mwanafunzi, kila herufi huwa imegeuka kama sura kwenye kioo: j huonekana kama h, i kama e, w kama r, na e kama i. Mtoto yule aliandika "jiwe" sawasawa mara tatu, nami mara tatu nilimwambia kwamba amekosea. Ni jambo ambalo mwalimu wa nukta nundu hufundishwa siku za mwanzo kabisa, nami sikulijua kwa kuwa hakuna aliyenitaka nilijue kabla ya kunikabidhi darasa. Linaniuma mpaka leo, hasa nikikumbuka kwamba yeye alikuwa na subira kunishinda mimi.

Baadaye nilipata nafasi ya kusoma katika Chuo cha Ualimu Patandi, hapa Tengeru, chuo ambacho kwa miaka mingi kimewaandaa walimu wa elimu maalumu wa nchi hii. Pale ndipo nilipoelewa kwamba jina "mwalimu wa elimu maalumu" linafunika kazi kadhaa zisizofanana. Aliyesomea ulemavu wa uoni anajua nukta nundu na namna ya kumfundisha mtoto kutembea kwa fimbo nyeupe. Aliyesomea uziwi anajua Lugha ya Alama ya Tanzania, ambayo ina sarufi yake, ambamo uso na mabega husema pamoja na mikono. Mtu anayetamka Kiswahili huku akionyesha ishara moja moja hajaisema lugha hiyo. Aliyesomea ulemavu wa akili anaweza kulivunja tendo la kuvaa shati katika hatua kumi, akafundisha ile ya mwisho kwanza ili mtoto aonje mapema furaha ya kumaliza. Mtoto mwenye usonji, hali inayoathiri mawasiliano na namna anavyopokea sauti na mguso, naye anahitaji mtu anayefahamu kwa nini mlio wa kengele ya rimu unaweza kumvurugia asubuhi nzima, na kwamba kelele anazopiga mtoto huyo si utundu.

Hata hivyo, mara nyingi nimewaona wenzangu wakipangwa kana kwamba cheti kimoja kinafungua milango yote. Mtaalamu wa nukta nundu anapelekwa kwenye kitengo cha viziwi, anaanza kujifunza alama kutoka kwa watoto aliotumwa kuwafundisha, na kwenye taarifa kitengo kinahesabiwa kuwa kina mwalimu. Kwa maoni yangu huo ni upungufu uleule, na unadhuru zaidi kwa sababu umefichwa ndani ya takwimu.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 24 ya mkataba huo inazitaka nchi ziajiri walimu wenye ujuzi wa lugha ya alama au nukta nundu, wakiwemo walimu ambao wenyewe wana ulemavu. Msingi upo, kwa hiyo sidai jambo geni. Ninachodai ni masharti yanayotaja fani kwa jina.

Nitajibiwa kwamba walimu hawatoshi, na kwamba tukikaza masharti vitengo vitafungwa. Hofu hiyo ina ukweli, na mimi mwenyewe nisingependa kuona mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya cheti cha mwalimu. Lakini sharti linaweza kuja pamoja na muda. Uingereza, mwalimu anayepewa darasa la wanafunzi wasioona, viziwi, au wenye ulemavu wa kuona na kusikia kwa pamoja, hulazimika kuwa na sifa mahususi ya fani hiyo, na asipokuwa nayo hupewa miaka mitatu tangu kupangwa awe ameipata. Darasa halifungwi, na mwalimu hakai humo mpaka anastaafu bila kujua kugeuza karatasi. Utaratibu wa namna hiyo unawezekana kwetu, mradi mwalimu apewe ruhusa na posho ya masomo badala ya kuambiwa ajitegemee, na mradi akihitimu asihamishwe kesho yake kwenda kufundisha Hisabati darasa la saba kwa sababu ikama ya shule jirani imepungua.

Kuna hatua isiyohitaji bajeti mpya. Kila halmashauri, kuanzia hizi zetu za Arusha na Meru, iorodheshe vitengo vyake vyote kwenye jedwali moja: jina la shule, idadi ya wanafunzi, aina ya ulemavu wao, na fani aliyosomea mwalimu wao. Pale ambapo safu mbili za mwisho hazilingani, hapo ndipo orodha ya kwanza ya walimu wa kupelekwa masomoni ianzie.