Printa Yangu Haiitikii Hodi

Niulize kwanza: nani aliyewaambia mafundi wa Windows, waliotia kufuli kwenye printa yangu, kwamba mwizi akitaka kuniibia mimi, mwenye kiduka cha steshenari Ngamiani, atapitia kwenye printa? Mwizi wa Tanga namjua. Anapita dirishani, anachukua simu, na akikuta sufuria la pilau bado lina moto anajipakulia kabisa. Printa yangu ina uzito wa mbuzi wa Idi. Ukiifunga kwenye baisikeli hufiki Chumbageni. Nani aibebe?

Mpangilio wa duka ni huu, maana nisipousema mtaniona juha mapema. Mbele nina laptopu. Nyuma ya pazia, kwenye chumba anachoshonea mke wangu, ipo kompyuta ya mezani ambayo kioo chake kilikufa Ramadhani ya mwaka juzi. Sikununua kingine, kwa sababu kazi iliyombakia ni moja tu, kushika waya wa printa. Laptopu inapiga hodi, ile ya nyuma inaitika karibu, printa inatema karatasi. Miaka nenda miaka rudi, hawajagombana hata siku moja. Ningekuwa na ndoa ya namna hiyo.

Sasa Jumanne usiku mpwa wangu, anayesomea mambo ya kompyuta chuoni, akaja kula wali wa nazi kwetu. Kijana hawezi kula akatulia. Akafungua laptopu yake, akaingia kwenye ile mashine ya nyuma kwa ufundi wanaoujua wenyewe, akashika kichwa.

"Mjomba! Hii haijaapdetiwa tangu uinunue? Umelala mlango wazi!"

Nikamwambia mlango nimeufunga kwa komeo na kufuli mbili. Akacheka, akaniomba bando. Nikampa, mjinga mimi, bando la wiki nzima. Akaiacha inajivuta usiku kucha, akaaga, akaondoka na kipande cha samaki nilichokuwa nakiwekea daku ya kufunga Alhamisi. Asubuhi bando limekwisha, samaki hayupo, na printa hainijui.

Mteja wa kwanza alikuwa kijana mwenye flashi, anaomba kazi, mwisho wa kupokea barua ni siku hiyo hiyo. Kurasa tatu tu. Nikabofya. Laptopu ikafikiri, ikafikiri, ikaniletea ujumbe kwa Kiingereza kwamba imeshindwa kuunganisha printa, na chini yake namba: 0x0000011b. Kijana akachungulia, akauliza, "Mzee, hiyo ndiyo namba ya kulipia?"

Nikabofya tena. Na tena. Mkishabofya mara tisa mtu anajisikia amefanya kazi. Kumbe kila nikibofya barua inakwenda kujipanga kwenye foleni humo ndani, imekaa kimya inangoja zamu yake. Foleni ya ndani inakuwa ndefu, na foleni ya nje inakuwa ndefu. Tofauti yake, ya ndani haisonyi.

Akaja mama mmoja na kadi za mchango wa harusi, arobaini. Akaja mwanafunzi na baba yake, fomu ya kujiunga na shule, kurasa kumi na moja, ndani yake imo orodha ya ndoo, fyekeo, na ream ya karatasi. Akaja mzee mwenye kesi ya kiwanja, yeye anataka kopi tu. Na hapo ndipo nilipoharibikiwa, maana kopi ilitoka! Ukiweka karatasi juu ya kile kioo cha printa na kubonyeza kitufe cha kijani, inatoa vizuri, nyeupe inang'aa, herufi zimesimama kama askari wa gwaride.

Mama wa harusi akaona. "We baba, si ulisema mbovu?"

"Si mbovu mama. Inatoa kopi, kuprinti ndiyo haitaki."

"Haitaki? Yaani ina hiari?"

Sasa mtu unamjibuje? Nikamwambia dereva wake hapatikani, maana ndivyo laptopu ilivyoandika safari hiyo, inatafuta draiva, yaani programu ya kuiongoza printa. Mama akakaa kwenye benchi, akavua kandambili. "Basi tumngoje. Ametoka kwenda wapi, Kange?" Nikamwacha aamini hivyo. Alikaa nusu saa, kila bajaji ikisimama nje anainuka.

Baba wa mwanafunzi ndiye aliyeleta hekima kubwa ya siku ile. Alisema kama mashine inakubali kopi, basi tulaze simu yake juu ya kioo, fomu ikiwa inaonekana, tuitoe kopi. Watu watano wakasema eeh, kweli, huyu ana akili. Na mimi, niliyewahi kuwa karani wa shamba la mkonge na kuipiga tapureta miaka sita bila kuomba ruhusa ya mtu, nikailaza simu kifudifudi kwa adabu, nikafunika kifuniko, nikabonyeza. Ikatoka karatasi nyeusi tii, kama chungu cha kuchemshia pweza. Katikati kuna kivuli cha mstatili, na pembeni, wallahi, alama za vidole vya yule baba zimetoka safi kuliko za kitambulisho. Nikamtoza shilingi mia mbili. Tona si maji ya bomba.

Nikampigia mpwa wangu. Alikuwa darasani, akanong'ona. Nami nikaweka spika, ili wateja wasikie kwamba makosa si yangu.

"Mjomba, ndani ya kompyuta kuna karani anaitwa spula. Yeye ndiye anayepokea kazi za kuprinti na kuzipanga. Shida yake amepewa madaraka makubwa kuliko kazi yake."

Karani wa namna hiyo namfahamu, shambani tulikuwa naye, alishika daftari la mahudhurio na akaamini ameshika shamba. Nikamwambia aendelee.

Akasema mwaka 2021 iligundulika kwamba ukimpelekea huyu spula draiva bandia la printa, analipokea bila kuuliza limetoka wapi na kulikabidhi mamlaka ya kompyuta nzima. Watafiti kwa bahati mbaya walibandika hadharani njia yenyewe ya kuingilia, wakidhani tundu limeshazibwa, kumbe bado. Wakaliita PrintNightmare, jinamizi la kuprinti. Kiraka cha haraka kikatoka Julai. Agosti ikaongezwa kufuli nyingine: anayeweka draiva la printa lazima awe msimamizi wa kompyuta, mtumiaji wa kawaida hapana. Septemba ikaja ya tatu: hodi yenyewe inayopigwa kati ya kompyuta na kompyuta sharti ifumbwe, mpita njia asiielewe.

"Sasa mashine yako ya nyuma imepata kufuli zote hizo usiku mmoja, Mjomba. Laptopu haijapata hata moja. Inapiga hodi ya zamani, kwa sauti, na mwenziwe ameshafundishwa asiitikie hodi za hivyo."

"Lakini wamekaa chumba kimoja! Wametenganishwa na pazia la kitenge!"

"Haijali, Mjomba. Hata Stuxnet, kile kirusi kilichogunduliwa mwaka 2010, kilichokwenda kuvuruga mitambo ya nyuklia ya Iran, mojawapo ya njia zake ilikuwa tundu kwa huyo huyo spula."

Duka zima likanyamaza. Mzee wa kiwanja akakunja kopi zake, akazitia ndani ya kanzu, akaniangalia kwa jicho jipya. "Kumbe una mambo na Iran," akasema, akaondoka bila kusubiri chenji. Mia tatu yake nimeiweka, akirudi ataikuta.

Nikauliza dawa. Mpwa akasema iko dawa ya mkato, watu wanaingia kwenye rejista, daftari la mipangilio la ile kompyuta inayoshika printa, wanaandika sifuri mahali fulani, ukaguzi unazimika, printa inarudi. Nikasema hiyo hiyo, nipe sifuri yangu. Akakataa katakata. Eti ni kung'oa mlango mzima kwenye bawaba kwa sababu kitasa kigumu. Mtoto niliyemfundisha kuendesha baisikeli pale Tangamano, leo ananinyima sifuri. Dawa ya kweli, akasema, ni laptopu nayo iapdetiwe, kisha draiva liwekwe upya na msimamizi.

"Msimamizi si mimi?"

"Nenda utazame."

Nikatazama. Laptopu yangu, niliyoinunua kwa fedha ya mkopo wa kikundi, ndani ya duka ninalolipia kodi, leseni na mchango wa ulinzi shirikishi, imeniandika mtumiaji wa kawaida. Nikigusa kitu inaniambia nimwone msimamizi. Msimamizi ni kijana aliyeniuzia, na alishahamia Dar es Salaam. Nikampigia, bado niko kwenye spika, tabia mbaya hiyo nakubali.

"Aa, shikamoo mzee. Neno la siri... lile... subiri nitoke nje." Ukasikika mlango unafungwa. "Ni jina la yule mchumba wangu wa zamani. Herufi ya kwanza kubwa. Halafu mwaka tuliokutana."

"Mchumba yupi? Nitajie herufi moja moja."

Akataja. Nami narudia kwa sauti, natafuta vitufe kwa kidole kimoja. Nilipofika herufi ya nne, mama wa harusi, aliyekuwa bado anamngoja dereva, akashusha kadi zake mapajani. "Ala! Huyo si ndiye bibi harusi wetu?"

Sikujibu. Nilimalizia mwaka kimoyomoyo.

Neno la siri lilikubali, lakini apdeti ya laptopu inataka gigabaiti, na bando limeliwa usiku. Ikabidi ninunue jingine. Likaanza kujivuta asilimia moja, mbili, mbili, mbili. Tanga wanasema waja leo waondoka leo. Wateja wangu siku ile hawakungoja hata hiyo leo ifike adhuhuri. Mmoja mmoja wakavuka barabara kwenda kwa jirani yangu, ambaye mwandiko wa printa yake una mstari mweupe katikati kama njia ya nywele, na bado wakaenda. Akabaki kijana wa barua ya kazi tu, kwa sababu nauli ya kuzunguka hakuwa nayo. Nikamkatia andazi langu na mbaazi kidogo.

Hapo cherehani ikasimama nyuma ya pazia. Nikiisikia cherehani imesimama najua kuna neno linakuja.

"Baba Watoto."

"Naam."

"Huo waya wa printa, unafika hapo mbele?"

"Waya gani?"

"Huu uliochomekwa kwenye hii isiyo na kioo. Ukiuchomoa huku ukauchomeka kwenye laptopu, itakuwaje?"

Nyamazeni, najua. Najua mlishalisema tangu mwanzo wa habari hii. Lakini mtu akishaambiwa mambo ya Iran hawezi tena kufikiria waya. Nikasimama, nikaivuta printa kwa magoti mpaka kwenye pazia, mgongo ukalia kabla ya sakafu, nikauchomeka. Laptopu ikatoa kamlio kadogo ka kujipendekeza, ikaitambua printa kama mtu aliyeona ndugu yake stendi. Kijana akaprintiwa kurasa zake tatu saa tisa na robo alasiri, akatoka mbio, andazi mdomoni. Hakulipa, na sikumwita.

Mke wangu hakusema neno. Alirudi kwenye cherehani akashona kwa mwendo wa polepole sana, mwendo wa mtu anayetaka usikie kila tundu la sindano.

Jioni mpwa wangu akaja na kosa lake machoni. Laptopu ilikuwa imekwisha kuapdetiwa. Akasema tuurudishe waya nyuma kama ulivyokuwa, aweke kila kitu sawasawa, maana kuburuta printa kila siku ni kuitafutia kifo. Akaandika jina la bibi harusi wa watu, akafuta printa ya zamani, akaiweka upya, akajaribu ukurasa mmoja wa majaribio. Ukatoka. Kumbe muda wote kufuli zile hazikuwa na ubaya, zilitaka tu zifungwe pande zote mbili. Adhana ya Isha ikaanza, tukaenda msikitini sote wawili tumeridhika. Akanieleza njiani kwamba mafundi wa Windows hutoa viraka hivi Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu ni usiku, saa mbili au tatu. Nikamwambia Jumanne hizo asije kula.

Hatukuwa tumeifuta foleni. Hilo ndilo tulilolisahau. Zile kazi zilizotumwa asubuhi zilikuwa zimekaa vile vile, na mpwa wangu kwa uungwana wake alikuwa amezihamishia kwenye printa mpya zisipotee, halafu akanyanyuka kwenda kutawadha. Tuliporudi printa ilikuwa imepamba moto. Ream niliyoifungua asubuhi imekwisha nusu. Fomu ya shule imetoka mara nne, kurasa kumi na moja kila mara, ndoo na fyekeo zimetapakaa mpaka chini ya cherehani. Kadi za harusi za mama yule zimetoka zote arobaini, kisha zikaanza tena arobaini nyingine. Na barua ya kazi ya yule kijana mara tisa, pamoja na maelezo yake binafsi, kila moja ikiwa na picha anayotabasamu.

Mke wangu alikuwa ameketi sakafuni, pini mdomoni, mkasi mkononi. Amezipanga barua za kijana ubavu kwa ubavu, amezigundisha kwa gundi, amechora juu yake kwa chaki mkono wa gauni na kuanza kukata.

"Karatasi nzuri," akasema bila kuinua macho. "Ngumu kidogo. Hebu nisomee hapa begani pameandikwa nini, nisikate jambo la mtu."

Nikainama na miwani. "Nina uzoefu wa kutosha katika matumizi ya kompyuta."

"Aa," akasema, akapitisha mkasi.