Kikombe cha Bwana na tembo la mnazi

Jirani yangu wa Shela, hapa Malindi, mzee wa Kiislamu ninayemwamkia kila asubuhi, aliwahi kuniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, ni kweli huko kanisani mwanywa ulevi?" Nikajibu upesi kwamba ni tone tu, ni ishara. Jibu lile halikuniridhisha hata mimi. Kama ni ishara tu, mbona tusitumie maji ya ukwaju? Na kama ni zaidi ya ishara, mbona makanisa yetu hayapatani juu ya kinachotiwa kikombeni?

Kwetu Waanglikana kikombe hupitishwa kwa washirika, na ndani mna divai yenye kilevi. Wakatoliki wanabanwa na sheria ya kanisa lao ya mwaka 1983, kanuni ya 924: divai iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, isiwe imeharibika. Wapentekoste wengi hutumia maji ya zabibu yasiyochachuka, na yakikosekana, kinywaji chochote chekundu cha dukani. Halafu lipo swali ambalo hulisikia kwa vijana wa Kigiriama kuliko mimbarini: kwa nini lisiwe tembo?

Nianze na hayo maji ya zabibu. Mwaka 1869 huko Vineland, New Jersey, Mmethodisti mmoja aliyekuwa daktari wa meno, Thomas Welch, aliyachemsha ndani ya chupa yasichachuke, ili meza ya Bwana isiwe na kileo. Maaskofu wa Kianglikana walipokutana Lambeth mwaka 1888 walikataa, wakisema Bwana hakutuachia mfano huo. Wanaoyatetea hukumbusha kwamba Injili, zikisimulia karamu ile ya mwisho, hazitaji neno divai. Husema "uzao wa mzabibu". Ni kweli. Lakini Pasaka huja miezi mingi baada ya mavuno ya zabibu, na pasipo jokofu maji yake yasingekaa muda wote huo bila kuchachuka. Tena Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu wengine walikuwa wakilewa mezani. Kwa historia, naona wenye divai wameshinda.

Ila mbele yangu kanisani huketi ndugu mmoja aliyeacha pombe. Siku ya ushirika hupiga magoti, hupokea mkate, na kikombe kikimfikia hukunja mikono kifuani na kuinamisha kichwa. Nimeviona vidole vyake vikitetemeka. Tunafundishwa kwamba aliyepokea mkate peke yake amempokea Kristo mzima, nami naamini hivyo. Lakini yeye anapitwa na kikombe mbele ya watu wote, mwezi baada ya mwezi.

Hoja ya tembo ni nzito zaidi, na wachungaji wengi huipita haraka mno. Jean-Marc Ela, mwanateolojia wa Kameruni, aliuliza kwa nini Waafrika wanaoishi kwa mtama walazimike kumshukuru Mungu kwa ngano na zabibu zilizotoka nje. Wanaosema kikombe chetu kinanuka jahazi la mgeni hawasemi uongo: neno mvinyo tumelipata kwa Wareno, na divai ni neno la Wafaransa. Roma yenyewe mwaka 1988 iliidhinisha misa ya Zaire, yenye kucheza na kuwataja wahenga, lakini mkate na divai havikuguswa.

Sasa mtazame mgema. Asubuhi na jioni hupanda mnazi, hukata kole, kikonyo cha maua yake, kipande chembamba kama ukucha, na utomvu hudondoka kibuyuni tone kwa tone. Mti unajeruhiwa kila siku, haufi, na unaendelea kutoa. Nikisoma Isaya 53, "kwa kupigwa kwake sisi tumepona", mimi huuona mnazi ule kabla ya shinikizo la zabibu ambalo sijawahi kuliona. Na kwa Wamijikenda, Wagiriama wakiwemo, posa haiendi bila kadzama, tembo linalopelekwa kwa wazazi wa binti. Kinywaji cha agano tayari tunacho.

Wapo wanaokataa kwa kuwa tembo humwagiwa koma, roho za wahenga. Hoja hiyo hainishawishi. Wagiriki na Warumi nao waliimwagia miungu yao divai, Paulo alijua, na kanisa halikuiacha.

Kinachonizuia ni kingine. Katika karne ya tatu Sipriani, askofu wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini, aliandika barua dhidi ya watu waliotumia maji matupu, akisema divai ni damu ya Kristo na maji ni watu wake. Vikichanganywa kikombeni havitengani tena. Hadi leo padri hutia maji kidogo katika divai. Nasi tunasema nini? Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Pwani hii tembo lenye maji ni udanganyifu. Ishara ileile ingesomwa kinyume, na aliye mezani angeielewa vizuri sana.

Zaidi ya hapo, mzabibu una historia yake. Zaburi ya 80 inawaita Israeli mzabibu uliotolewa Misri, Yesu akasema, "Mimi ndimi mzabibu wa kweli." Anayekunywa anaingia katika habari hiyo, na ndivyo ningalimjibu mzee wangu wa Shela. Nazi haimo humo, ingawa naipenda. Wala mzabibu si mgeni tena Afrika Mashariki; Dodoma wanaulima na kukamua divai.

Kwa hiyo mzabibu ubaki. Kuchachuka sioni kuwa ndiko kiini. Hata Wakatoliki, pamoja na ukali wa kanuni yao, humruhusu padri asiyeweza kunywa kileo kutumia maji ya zabibu yaliyozuiwa kuchachuka mapema, kwa kibali cha askofu. Ninachokiomba parokiani kwetu ni kidogo kuliko hicho: kikombe cha pili, cha maji ya zabibu, kiwekwe madhabahuni kando ya kile cha kwanza, kiombewe pamoja nacho, na ndugu yule anyooshe mikono yake.