The Wheel of Time: sawa mmebadilisha, ila tumepata nini?
Kila nikisikia mtu anasema tamthilia ya The Wheel of Time imechakachuliwa kwa sababu haikufuata kitabu, najiuliza ingefuataje? Robert Jordan alianza kuvitoa vitabu 1990, akafariki 2007 hajamaliza, Brandon Sanderson akaja kumalizia 2013, jumla vitabu 14 na vyote vinene, halafu mwandaaji Rafe Judkins anapewa episodi nane kwa sizoni. Lazima akate tu, hapo niko upande wake.

Ila sasa kama muda wenyewe ndo huo, kwa nini uujaze vitu ambavyo havikuwepo? Hapo wasomaji wana haki ya kununa na mi nanuna nao. Chukua Perrin, mmoja wa vijana wakuu wa hadithi. Kitabuni anaondoka kijijini hana mke, ni kijana tu wa mwili mkubwa anayefanya kila kitu taratibu akiogopa asije akaumiza mtu. Kwenye episodi ya kwanza wamempa mke, Laila, Trolloc, yale majitu nusu mtu nusu mnyama, wanavamia, purukushani kwenye banda la uhunzi, Perrin anageuka na shoka na aliyekuwa nyuma yake ni Laila. Kamuua. Naelewa walichotaka, hofu ya moyoni haionekani kwenye skrini mpaka uitafutie tukio, lakini huyo mke hata hatujamzoea, na baada ya hapo jamaa ni majonzi tu sizoni nzima, ule upole wake tuliompendea umefunikwa kabisa.

Ya Mat, rafiki yake Perrin, kupotea njiani siwalaumu sana, Barney Harris aliyemuigiza aliondoka sizoni ya kwanza bado inarekodiwa, korona nayo ikawavurugia, mwisho wa sizoni ukatoka na viraka.

Halafu nenda sizoni ya tatu, episodi ya nne, kwenye mji wa jangwani wa Rhuidean. Rand, shujaa mkuu wa hadithi, anapita kati ya nguzo za vioo na anaona kwa macho ya mmoja wa wazee wa ukoo wake, kisha wa nyuma zaidi, na wa nyuma zaidi, mpaka tunafika kwenye siri ya Waaiel, yaani wapiganaji wale wanaotisha jangwa zima wametokana na watu walioapa kutoshika silaha. Josha Stradowski ndo kaigiza mababu hao. Hapo napo wamekata na kufupisha, lakini stori bado inaenda kinyumenyume, na bila mpangilio huo, siri isingekuuma.

Wapo wanaosema ihukumu yenyewe, sahau vitabu. Kwa Rosamund Pike nakubali, Moiraine wake, yule mama mwenye nguvu za kichawi, anamshika hata asiyewahi kusoma ukurasa mmoja. Lakini bwana, jina mmelichukua ili sisi tuje kutazama, tumekuja, mnatuambia tusahau?

Mei 2025 Amazon wakaifuta, sizoni ya tatu ina mwezi na kidogo tu tangu iishe. Ilikuwa imeegemea zaidi kitabu cha nne, kwa hiyo vimebaki kumi na hakuna wa kuvirekodi.