Delhi hadi Lahore: ndege ya saa moja ambayo haipo

Uliza kwenye intaneti umbali wa Delhi, India, hadi Lahore, Pakistani, utajibiwa papo hapo: kilomita 430 hivi kwa mstari ulionyooka, ndege kama saa moja. Ni sawa na Nairobi hadi Mombasa. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini inampotosha msafiri, maana ndege yenyewe haipo.

Mtu wa Delhi mwenye shangazi Lahore, na familia za namna hiyo ni nyingi tangu mgawanyiko wa India na Pakistani wa 1947, akitaka kuruka itambidi apitie nchi ya tatu, mara nyingi Dubai. Anakwenda magharibi kilomita 2,200 hivi, anangoja uwanjani, kisha anapanda nyingine imrudishe karibu kilomita 2,000. Hapo ni kama saa saba angani, mbali na za kungoja, na nauli yake ndiyo hiyo ya kuzunguka. Wengi wetu tumewahi kukesha uwanja wa Dubai tukingoja ndege ya kuunganisha. Sisi angalau Dubai ilikuwa njiani.

Nchi kavu nako kumezibwa. Treni ya Samjhauta, iliyounganisha nchi hizi mbili, ilianza 1976. Basi la Delhi–Lahore lilianza Februari 1999, na Waziri Mkuu wa India, Atal Bihari Vajpayee, alivuka nalo mpaka wa Wagah. Vyote viwili vilisimama Agosti 2019, India ilipoiondolea Kashmir, eneo linalogombaniwa na nchi hizo, hadhi yake maalumu. Kivuko cha Attari–Wagah, kati ya Amritsar na Lahore, miji iliyoachana kwa kilomita 50 tu, kilifungwa Aprili 2025 baada ya watalii kuuawa Pahalgam, huko Kashmir. Raia wa Pakistani waliokuwa India kwa viza za matibabu walipewa hadi tarehe 29 mwezi huo wawe wameondoka. Mgonjwa wa moyo ana kosa gani katika ugomvi huo?

Mwezi huohuo kila nchi iliifungia nyingine anga yake. Ndege za India zinazotoka Delhi kwenda Ulaya zikaanza kuzungukia Bahari ya Arabu, mafuta zaidi, saa zaidi. Shirika la ndege la India, IndiGo, likasitisha safari zake za Delhi–Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, umbali usiozidi kilomita 1,600 kwenye ramani, kwa sababu kwa mzunguko huo ndege zake ndogo zisingefika.

Siamini kwamba hali hii haina dawa. Kuanzia 1949, China na Taiwan zilipotengana, hakukuwa na safari za kawaida za moja kwa moja kati ya Shanghai, China, na Taipei, Taiwan, kilomita kama 690, na watu walikuwa wakipitia Hong Kong au Macau. Julai 2008 ndege zikaruhusiwa, tena za kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu tu, na bado zililazimika kupita anga ya Hong Kong. Desemba mwaka huohuo ikafunguliwa njia fupi, safari ikapungua kwa zaidi ya saa nzima. Beijing na Taipei hazikuwa zimemaliza ugomvi wao, na hadi leo hazijaumaliza.

Delhi na Islamabad, mji mkuu wa Pakistani, zingeweza kuanza hivyohivyo: ndege za mwisho wa wiki kati ya Delhi na Lahore, kwanza kwa wagonjwa na wenye ndugu ng'ambo ya mpaka. Hayo mengine wayajadili huku watu wakisafiri.