Siku ya mvua fundi anakula nini?

Desemba iliyopita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, msimamizi wetu hapa Leipzig, Ujerumani, alinipigia simu. Baridi imeshuka chini ya nyuzi sifuri, udongo wa saruji hautashika, leo hakuna kujenga, endelea kulala. Nikalala. Mchana wa siku hiyohiyo ukaingia ujumbe wa sauti kutoka Kibaha, kwenye kiwanja ninapojenga nyumba yangu. Nyuma ya sauti ya fundi ilisikika mvua ikipiga mabati ya kibanda cha mlinzi. "Kaka, leo vuli imetukamata, hatujafanya kitu. Vijana nimewaruhusu warudi nyumbani." Nikamjibu harakaharaka: "Pole fundi, tutaendelea kesho Mungu akijalia." Nikarudi kwenye chai yangu.

Jioni ndipo jambo lile liliponichoma. Siku ni ileile, kazi ni ileile, na sote tumezuiwa na hali ya hewa. Mimi nitalipwa. Wale vijana wanne wa Kibaha hawatapata hata nauli waliyotumia asubuhi kufika kiwanjani. Na aliyewanyima ni mimi, kwa sababu kazi ile ni yangu.

Nimefanya ujenzi Dar es Salaam miaka sita kabla ya kuja Ujerumani. Nilianza nikiwa saidia fundi Mbagala, nabeba karai na kukoroga udongo, nikasogea mpaka kushika mwiko, baadaye nikapita VETA, chuo cha ufundi cha serikali, nikapata cheti. Kila nikirudi likizo swali la kwanza ninaloulizwa ni: "Wenzetu huko wanajengaje?" Watu wanategemea nisimulie mashine. Mashine zipo, nitazitaja, lakini kilichonishangaza si mashine.

Niseme wazi kwanza kwamba mikono ya mafundi wetu haina kasoro. Fundi wa Tanzania anapiga kamba, anatafuta pembe mraba kwa vipimo vya 3, 4, 5, anachimba msingi, anapanga tofali, anamwaga lenta na jamvi, anapiga lipu, na ukimwachia anaweka marumaru na kuezeka. Hapa kila kipande kina mtu wake. Anayejenga ukuta hapigi lipu, anayepiga lipu hapandi kwenye paa. Wiki zangu za kwanza mwalimu alinikuta nanyoosha kona kwa timazi na kamba peke yake, akaita wanafunzi wengine waje watazame. Nilijisikia vizuri siku ile, na nilikuwa na haki ya kujisikia hivyo.

Nilichokosa kilikuwa kitu kingine. Mafunzo ya uashi hapa, wanayaita Ausbildung, huchukua miaka mitatu, na mwanafunzi analipwa tangu mwezi wa kwanza. Muda wako unagawanywa sehemu tatu: kwenye kampuni, shuleni, na kwenye karakana kubwa ya mafunzo ambako unajenga ukuta, unasahihishwa, unaubomoa, unaujenga tena. Huko ndiko nilikoelezwa kwa nini. Dar nilijua zege linamwagiliwa maji siku saba. Niliamini tunalipooza kwa ajili ya jua. Kumbe saruji inakula maji ili igande na kukomaa, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Nilijua pia kwamba zege zito linachosha, kwa hiyo vijana wakilegea tunaongeza ndoo ya maji liteleze vizuri kwenye nguzo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ile ndoo inaondoa nguvu ya nguzo. Siku mwalimu alipoweka mezani vipande viwili vya zege, kimoja cha kipimo sahihi na kingine kilichozidi maji, akavivunja kwa mashine mbele yetu, nilikaa kimya mpaka kipindi kikaisha. Nilikuwa nahesabu nguzo nilizomwaga Tegeta, Kimara na Mbagala.

Tunakumbuka Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoanguka mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36. Tunakumbuka Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne lilipoanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, wengine wakipiga simu wakiwa chini ya kifusi. Chanzo cha kila ajali ni kazi ya wachunguzi, siiingilii. Ninachosema ni kwamba kila inapotokea tunazungumzia kibali, mmiliki na mhandisi, kisha tunanyamaza. Ni mara chache mtu anauliza kama alikuwepo pale mtu mwenye mwiko mkononi aliyeona jambo si sawa akashindwa kusema.

Maana kusema kuna bei. Nakumbuka jengo moja la Dar, mwenye kazi simtaji. Nondo za nguzo zilikuwa nyembamba kuliko za ghorofa ya chini, na fundi mkuu wetu, mzee aliyejenga tangu ujana wake, akagoma kumwaga. Alikaa juu ya rundo la kokoto, mikono magotini. Saa nne asubuhi akaletwa fundi mwingine kwa bodaboda. Kabla ya adhuhuri nguzo zilikuwa zimemwagwa, na mzee alikuwa kituoni anasubiri daladala bila malipo ya siku. Sisi tulioendelea kumwaga tulikuwa tumeona nondo zilezile. Tulikuwa deiwaka. Usipofanya kazi leo, leo hakuna unga.

Hapo ndipo mvua na nguzo vinapokutana kwangu. Mtu anayelipwa kwa siku, ambaye mvua ikinyesha halipwi, akiugua halipwi, akigoma anafukuzwa, hawezi kuwa mlinzi wa ubora wa jengo hata akijua kila kitu. Tunadhani malipo ya kibarua ni suala la huruma. Mimi naona ni sehemu ya uimara wa nyumba, kama nondo.

Wajerumani wamelishughulikiaje? Majira ya baridi, kuanzia Desemba hadi Machi, kazi ikisimama kwa hali ya hewa mfanyakazi wa ujenzi hulipwa asilimia 60 ya mshahara wa mkononi alioukosa, na mwenye mtoto asilimia 67. Kampuni haimwachishi kazi ili imtafute tena jua likitoka. Halafu kuna mfuko unaoitwa SOKA-BAU. Wanajua kwamba mjenzi anahamahama, leo kampuni hii, miezi minne baadaye nyingine, kwa hiyo likizo yake ya siku 30 kwa mwaka inatunzwa na mfuko wa pamoja wa sekta nzima. Ukihama, siku zako zinahama nawe. Nilipoelezwa hilo mara ya kwanza nilimwomba karani arudie, kwa sababu maisha yote nilikuwa nimeambiwa kwamba kibarua hawezi kuwa na likizo kwa vile hana mwajiri mmoja.

Mgongo nao una sheria. Tofali linalozidi kilo 25 halipangwi kwa mikono, linainuliwa na kreni ndogo. Hata mfuko wa saruji dukani ni kilo 25. Kwetu ni kilo 50, na kijana anaubeba kichwani akipanda ngazi ya mirunda mpaka ghorofa ya pili, mara arobaini kwa siku. Rafiki yangu niliyeanza naye Mbagala sasa hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Hajafika miaka 40.

Sitaki mtu asome hapa akadhani naisifu Ulaya. Mwezi Oktoba 2023 kule Hamburg jukwaa liliporomoka ndani ya shimo la lifti kwenye mradi mkubwa wa HafenCity, wakafa wafanyakazi 5. Walikuwa wahamiaji. Kampuni kubwa inampa kampuni ndogo, ndogo inampa ndogo zaidi, na chini kabisa utamkuta mtu asiyejua lugha, aliyetoka mbali, kama nilivyo mimi. Biashara yenyewe nayo imeyumba. Serikali ilijiwekea lengo la nyumba 400,000 kwa mwaka, na mwaka 2024 zilikamilika takriban 252,000. Riba zilipanda, vifaa vikapanda, wajenzi wengi wa nyumba za kuishi wakabaki bila oda. Na vijana wao hawaitaki sana kazi hii ya vumbi na baridi, ndiyo maana nafasi ilipatikana kwa mtu kutoka Mbagala. Mapumziko ya saa sita mchana nakula mkate mkavu kwenye kontena na watu wanne wasiozungumza. Mama ntilie wa Dar, wali maharage na kelele za mpira, hakuna malipo ya likizo yanayoziba pengo hilo.

Kwetu mambo yako kinyume. Kazi ipo tele. Reli ya kisasa imefika Dodoma, bwawa la Julius Nyerere linafua megawati 2,115, daraja la Kigongo hadi Busisi limekatiza Ziwa Victoria kwa takriban kilomita 3. Maelfu ya vijana wetu walifunga nondo na kumwaga zege kwenye miradi hiyo, chini ya kampuni za Uturuki, Misri na China. Wamejifunza vitu ambavyo mimi nilivikuta huku. Lakini mradi ukiisha wengi wanatoka getini na ujuzi ukiwa kwenye vidole tu. Kilichoandikwa ni jina la kampuni. Nimekutana na kijana Morogoro aliyefanya kazi ya reli miaka mitatu, na sasa anaanza upya kama saidia fundi kwa sababu hana karatasi ya kuonyesha.

Serikali imefanya jambo kwa makandarasi, nalikubali kwa moyo wote. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake zimeacha miradi ya hadi Sh50 bilioni kwa kampuni za wazawa. Ni hatua kubwa. Ila kampuni ya mzawa nayo inaweza kumlipa mzawa kwa siku na kumwacha na mvua yake. Bodi ya Usajili wa Makandarasi inawapanga makandarasi kuanzia daraja la kwanza hadi la saba, na chini ya la saba kuna bahari ya watu wanaojenga nyumba zetu nyingi kwa makubaliano ya mdomo.

Vyombo vya kuanzia tunavyo. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, anapimwa na kupewa cheti bila kurudishwa darasani miaka miwili. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unafanya kazi tangu 2015, na mwajiri binafsi anachangia asilimia 0.5 tu ya mshahara. Asilimia 0.5! Tatizo ni kwamba kibarua haandikwi popote, kwa hiyo akianguka, kwa mfuko ni kama hakuwepo. Mimi nimemwona kijana akianguka kutoka kwenye mirunda ya ghorofa ya tatu. Alipewa nauli ya hospitali na hela ya siku tatu, na kesho yake mwenzake akasimama palepale alipokuwa amesimama yeye. Kama tunaweza kumtambua kila mtu kwa namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA na kulipia umeme kwa simu, tunaweza pia kuwa na mfuko wa wajenzi, kila kiwanja kichangie kiasi kidogo kwa kila siku ya kila fundi, fedha imfuate anakohamia. Kuhamahama kwa wajenzi wa Kijerumani ndiko kulikowafanya wauanzishe wa kwao. Kwetu huo ndio udhuru wa kutoanzisha.

Nawageukia sasa wenzangu tulio nje. Sisi ni waajiri wa ujenzi. Tunajenga Kibaha, Bunju, Usa River na Tukuyu kwa picha za WhatsApp, na tunajisifu kwa kumbana fundi bei. Tunapata huku malipo ya mvua, bima na likizo, kisha tunamwajiri mtu nyumbani kwa masharti ambayo sisi tusingeyakubali hata nusu saa. Nimewasikia wengi wakilalamika kwamba mafundi ni wezi wa saruji. Wapo, najua. Na wapo pia wanaouza mifuko miwili kwa sababu ya wiki nzima ya mvua.

Baada ya ule ujumbe wa Desemba nilikaa na fundi kwenye simu karibu saa nzima. Tukakubaliana: siku ya mvua, aliyefika kiwanjani analipwa nusu siku. Malipo kila Jumamosi, kila mmoja kwenye namba yake. Majina yote manne yameandikwa kwenye daftari. Kofia ngumu na viatu nimenunua mimi. Na fundi ana ruhusa ya kusimamisha kazi bila kuniuliza. Kwa msimu wote ule malipo ya mvua hayakufikia bei ya milango miwili ya mninga. Ndugu zangu wawili wameniambia nawaharibia mafundi, kwamba sasa kila mtu atadai. Nawaheshimu, lakini kwa hili hatukubaliani, na natamani kweli kila mtu adai.

Wiki mbili zilizopita walikuwa wanamwaga nguzo za mbele. Nikapigiwa simu saa nane mchana kwao.

"Kaka, nimesimamisha. Vijana walizidisha maji. Lile zege nimelimwaga pembeni, tunakoroga upya. Mifuko mitatu imepotea."

Nikamwambia sawa. Nikauliza vijana wako wapi.

"Wapo hapa kivulini, wanakula. Wakimaliza tunaendelea."